Likizo kliniki ya meno Pemba: saa za kuangalia zinahesabika kwa skuli za meno Marekani?

MtotoWaKengeja

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Nasoma biolojia chuo kikuu Marekani, mwaka wa pili, na Juni ya mwakani inshaallah napeleka maombi ya skuli za meno huko huko. Kila ninayemuuliza ananambia nipate saa za kukaa na daktari wa meno nikimwangalia kazi. Juni hadi Agosti mwaka huu nitakuwa nyumbani Pemba, na nimeona bora muda huo niutumie kliniki kuliko kukaa barazani tu.

Masuala yangu ni haya. Saa za Pemba zinahesabika au nitajichosha bure? Ruhusa naiombea wapi? Kuna kampuni mtandaoni inapeleka wanafunzi Afrika kwa zaidi ya dola elfu mbili, inaahidi "utashika vifaa mwenyewe". Kuna faida yoyote? Na la mwisho, kuna daktari anayefahamiana na familia kasema nikija atanifundisha kung'oa. Nikubali?

---

GegoLaMwisho

Wa alaykum salaam. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia: usikubali. Usishike koleo, usichome ganzi, usitie mkono kinywani mwa mgonjwa. ADEA, jumuiya ya skuli za meno za Marekani, ina mwongozo maalumu kwa wanafunzi wanaokwenda kupata uzoefu nchi za nje kabla ya kuingia skuli. Kiini chake ni kwamba lile usiloruhusiwa kumfanyia mgonjwa Marekani, usimfanyie mgonjwa wa nchi nyengine kwa kisingizio kwamba huko madaktari ni wachache. Mtu akiandika kwenye maombi kwamba aling'oa magego kijijini, msomaji haoni ushujaa. Anaona mtu asiye na leseni aliyemtia mgonjwa hatarini, na maombi yanaweza kukataliwa kwa hilo tu. Hiyo kampuni ya dola elfu mbili inakuuzia kitu ambacho hutathubutu kukiandika. Pesa hizo weka kwa ajili ya DAT, mtihani wa kuingilia skuli za meno, na ada za maombi.

Tena jiandae namna ya kukataa, maana kwetu daktari anakupa koleo kwa mapenzi, na kumkatalia mkubwa ni kazi. Mwambie siku ya kwanza kabla hajavaa glavu: "Dakta, naomba nibakie kuangalia tu. Skuli ninazoombea zinakataza kumgusa mgonjwa, wakijua nimegusa nakosa nafasi." Hapo hukatai elimu yake, unamweleza sharti. Ukisubiri mpaka mgonjwa keshafungua kinywa, umeshachelewa.

Sasa kuhesabika. Zinahesabika, ila haziwi badala ya saa za Marekani. Maombi karibu yote yanapitia fomu moja, AADSAS, inayofunguliwa Mei na kuanza kupokelewa mwanzoni mwa Juni. Ndani yake uzoefu wa kumwangalia daktari wa meno una fungu lake peke yake. Wanataka jina la mahali, jina la msimamizi na anwani ya kumpata, tarehe ya kuanza na kumaliza, na idadi ya saa. Maelezo ya kila uzoefu ni herufi 600 tu, nafasi na alama zikiwemo, kwa hiyo hapana pa kupigia porojo.

Zipo skuli zinazotaja saa 100, zipo zinazotaja chini ya hapo, na zipo zisizotaja namba. Fungua ukurasa wa kila skuli unayoitaka usome wenyewe wanasemaje. Zote lakini zinataka kuona kwamba unaijua kazi ilivyo kwao: daktari wa meno wa kawaida mwenye kliniki yake, msafishaji meno mwenye leseni yake mwenyewe, karani anayegombana na bima, mgonjwa anayekuja kila miezi sita hali haumwi kitu. Hayo Pemba huyaoni. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, tafuta saa 40 au 50 kwa daktari wa meno wa kawaida karibu na chuo chako, asiwe bingwa wa kupanga meno tu. Ukiwa nazo, saa za Pemba zinakuwa nyongeza yenye uzito. Bila ya hizo zitaulizwa.

---

Limbani_B

Nami niseme ya ruhusa, maana watu wengi wanakwenda mdomo mtupu kwa sababu wanajuana na daktari. Kujuana kunakufikisha mlangoni. Saa zako zinahitaji barua.

Anza na chuo chako: barua ya utambulisho yenye nembo, ikisema jina lako, unasoma nini, unataka kuangalia tu bila ya kutibu, kuanzia tarehe gani mpaka gani. Maneno "kuangalia tu bila ya kutibu" yawemo bila ya kukosa, ndiyo yanayompa mkubwa wa hospitali moyo wa kusaini. Juu yake andika barua yako mwenyewe kwa Kiswahili kwa daktari dhamana wa hospitali, iwe Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee Mkoani. Ambatanisha kivuli cha kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au pasipoti, na kadi yako ya chanjo. Peleka nakala mbili kwa mkono, au mtume ndugu yako: moja wanabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua iliyotumwa kwa simu na kusomwa juu juu haifuatiliki. Wakikwambia lazima ipite wizarani kwanza, ipitishe. Anza miezi miwili kabla.

Kingine ambacho wengi hawakiangalii: ulize nani hasa utakayekaa naye. Kwenye vituo vingi vya wilaya anayeona wagonjwa wa meno ni tabibu wa meno mwenye stashahada. Kazi anaijua barabara, na kung'oa pengine kamzidi daktari kwa wingi wa mikono aliyopitisha. Lakini skuli za Marekani zinataka saa za kumwangalia daktari mwenye shahada na usajili. Saa za kwa tabibu zisitupe: ziandike mbali, chini ya jina lake na cheo chake cha kweli. Kumwita "daktari" kwenye fomu kwa kuwa mtaani kila mtu anamwita hivyo ni uongo wa maandishi. Ukitaka daktari kwa uhakika na aina nyingi za kazi, pengine ugawe muda, wiki chache Pemba na wiki chache Mnazi Mmoja Unguja.

Kama unakuja na rafiki Mmarekani, habari yake ni nyengine. Visa ya matembezi haimruhusu kufanya kazi, na kujitolea hospitali kunaweza kuhesabiwa kazi, basi aulize uhamiaji mapema aina ya kibali. Bima ya Zanzibar ya dola 44, inayotakiwa kwa wageni tangu Oktoba 2024, nayo ni juu yake. Wewe mwenye pasipoti ya Tanzania huna hayo.

---

MtotoWaKengeja

Ahsanteni sana, nimeshafumbuka macho. Ya koleo nimeelewa. Lakini kushika lile bomba la kunyonya mate? Na ndani ya chumba nikae vipi nisiwe kero?

---

Fuoni_Usafi

Bomba la mate kwa maoni yangu ni jambo dogo. Halikati, halichomi, na kliniki nyengine za Marekani humpa mtu anayejitolea alishike.

Kilicho muhimu zaidi ni homa ya ini B. Chanjo ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita tangu ile ya kwanza. Ukianza sasa utafika Juni ukiwa na mbili. Hata kama ulichanjwa utotoni, pima damu uone kama kinga bado ipo. Kiwango kinachokubalika ni 10 mIU/mL na zaidi, na baada ya kumaliza dozi kipimo hufanywa mwezi mmoja hadi miwili mbele.

Pa kusimama: daktari anayetumia mkono wa kulia hukaa kulia kwa mgonjwa, msaidizi kushoto. Wewe simama kushoto, nyuma ya bega la msaidizi, usiingie baina ya taa na kinywa. Barakoa na miwani muda wote mashine ya kuchonga inapolia, maana ule ukungu wa maji una mate na damu ndani yake. Viatu vya kufunika vidole. Makubadhi yabaki nyumbani. Wanawake, ncha za mtandio ziingie ndani ya koti, na mikono mirefu ya nguo ivishwe mikono ya plastiki ya kutupa, kwani ndiyo inayogusa treyi bila ya mtu kujijua.

Treyi usiisogelee. Daktari akimaliza utaona vitu vimetapakaa na mkono utakuwasha kusaidia kukusanya. Hapo ndipo sindano zinapochoma watu, kwa sababu imelala chini ya gauzi yenye damu na aliyeitumia keshageuka kuandika faili. Ikitokea ukachomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, sema hapo hapo. Dawa za kukinga VVU zinafaa zikianza upesi, mwisho saa 72, na zinamezwa siku 28. Ulize siku ya kwanza zinapatikana chumba gani, na baada ya saa za kazi nani mwenye ufunguo.

Na koti jeupe: bora usivae. Ukivaa, bibi wa watu atakwita daktari na atakuuliza dawa. Vaa nguo safi ya kawaida au ya kliniki ya rangi, na kibandiko kikubwa MWANAFUNZI, ANAANGALIA TU.

---

Vuga_Kati

Ya bomba la mate sikubaliani na hapo juu. Bomba linaingia kinywani, na sheria za nani aruhusiwe kumsaidia daktari kinywani Marekani zinatofautiana jimbo hadi jimbo. Mtu akikuuliza kwenye usaili "ulifanya nini kwa mikono yako?", jibu safi ni "sikumgusa mgonjwa". Ukisema "bomba tu", unafungua mlango wa suala la pili na la tatu. Kazi za kufanya zipo: kuita majina mapokezi, kupanga mafaili, kufuatana na timu inapokwenda skuli kuwafundisha watoto kupiga mswaki. Hiyo ya skuli iandike fungu la kujitolea, usiichanganye na saa za kuangalia.

Ridhaa ya mgonjwa hapajaguswa, na kwetu ina adabu zake. Daktari ndiye aulize, tena kabla mgonjwa hajakaa kitini, kwani akishalala na taa usoni hawezi kusema hapana. Mwanamke aliyevaa nikabu anaweza kukubali daktari na akakataa mwanafunzi wa kiume. Utoke bila ya kununa, na dakika hizo usizihesabu. Msalimie mgonjwa vizuri, shikamoo kwa mkubwa, sema jina lako na kwamba unajifunza. Simu ibaki mkobani. Picha ya kinywa, hata isiyo na uso, usipige. Ukitaka kukusanya takwimu uandike ripoti, huo umekuwa utafiti na unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, ZAHREC. Kwa wiki nane usijiingize huko.

Sasa daftari, ambalo naliona ndilo roho ya jambo lote. Andika siku hiyo hiyo. Mfano wa ukurasa:

*Jumatatu, 15 Juni 2026. 8:00 hadi 13:00, saa 5. Kung'oa: 46 (mzizi mmoja ulivunjika, ukatolewa kwa eleveta), 85. Kuziba kwa glasi ionoma: 36. Kusafisha: mgonjwa mmoja, madoa ya tambuu. Rufaa: uvimbe chini ya taya. Saini ya msimamizi.*

Angalia mitego mitatu hapo. Wa kwanza ni saa. Msimamizi wako ataandika "saa 2 hadi saa 7", na Mmarekani atasoma kuanzia usiku wa manane. Geuza papo hapo uandike 8:00 hadi 13:00. Wa pili tarehe: 07/08 kwetu ni tarehe 7 Agosti, kwao ni tarehe 8 Julai. Andika mwezi kwa jina lake. Wa tatu namba za meno. Kwetu tunatumia namba mbili mbili, ya kwanza robo ya kinywa, ya pili jino lenyewe. Wao wanahesabu 1 hadi 32, wakianzia gego la mwisho la juu kulia na kumalizia gego la mwisho la chini kulia. Kwa hiyo 36 yetu ni 19 yao, 46 ni 30, 16 ni 3, 26 ni 14. Meno ya utoto wao wanatumia herufi A hadi T; 85 ni T. Daftarini andika ya kwetu, pembeni ya kwao. Ukitaja "46" kwenye usaili, atakayekusikiliza atajiuliza kinywa gani chenye meno 46.

Hesabu saa za chumbani tu. Kungoja umeme urudi, chai, na kuzungumza barazani si saa. Chukua saa 5 kwa siku, siku 4 kwa wiki, wiki 6: hizo 120, na zinatosha kabisa. Ijumaa iache, kazi inakatika mapema kwa ajili ya sala, na utaitumia kusafisha maandishi ya wiki.

---

GegoLaMwisho

Naungana na Vuga kwenye bomba. Niongeze kidogo juu ya nini cha kutazama, kwa sababu mtu anaweza kusimama saa 120 na asiwe na la kusema katika herufi 600.

Tazama ganzi. Gego la chini linachomwa mbali na jino lenyewe, nyuma kabisa ya taya, pale mshipa wa fahamu unapoingia mfupani. Kisha daktari anangoja dakika kadhaa na kuuliza kama nusu ya mdomo wa chini imekufa. Mara nyengine haishiki, hasa palipo na usaha, kwa sababu tindikali ya pahala penye uambukizo inaidhoofisha dawa. Angalia hapo daktari anaamua nini: anaongeza, anabadilisha pahala pa kuchoma, au anatoboa jipu na kumrudisha mgonjwa baada ya siku chache. Uamuzi huo ndio wa kuandika. Kung'oa kwenyewe kila mtu anakujua.

Tazama pia yale ambayo daktari anakataa kuyafanya pale pale. Mgonjwa wa sukari ambaye hajapimwa. Mzee mwenye presha ya juu. Uvimbe ulioshuka chini ya kidevu pande zote mbili na mgonjwa hawezi kumeza mate yake. Huyo anapelekwa hospitali kubwa mara moja, kwani uvimbe unaweza kumziba pumzi.

Pemba ina lake ambalo darasani kwenu hamna mwengine atakayelisimulia. Wagonjwa wanakuja na karafuu imesagwa imejazwa ndani ya jino bovu. Si ushirikina: eujenoli, mafuta yaliyomo ndani ya karafuu, ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki ndiyo dawa ya kuzibia kwa muda inayotumiwa na madaktari dunia nzima, na harufu ya kliniki ya meno kwa kiasi kikubwa ni harufu ya karafuu. Inatuliza maumivu lakini haiui uozo, na mafuta yake yakiwekwa juu ya ufizi moja kwa moja yanauunguza. Msikilize daktari anavyomweleza mgonjwa hayo bila ya kumdharau.

Na watu wa tambuu. Madoa mekundu yanatoka kwa kusafishwa, lakini daktari hodari hatazami madoa. Anamwambia mgonjwa afungue kinywa mpaka mwisho. Popoo ya miaka mingi hukaza nyama za mashavu, kinywa kikawa hakifunguki vidole vitatu, na hali hiyo ni dalili ya kutangulia saratani. Ukiona daktari anapima kwa vidole vyake, jua ndicho anachotafuta.

---

Form6_Mwembeladu

Samahani naingilia. Mimi PCB, nangojea matokeo. Mambo haya ya saa yananihusu na mimi? Nafikiria MUHAS (chuo cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam) au Uingereza.

---

Vuga_Kati

MUHAS hawakuulizi saa. Ni matokeo yako ya Fizikia, Kemia na Biolojia na ushindani wa nafasi. Nenda ukaangalie wiki moja kwa faida yako, ujue kama damu na harufu unaviweza, basi.

Uingereza ni habari nyengine. Maombi ya udaktari wa meno kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko, yanafungwa tarehe 15 Oktoba, mapema kuliko kozi nyengine nyingi, na unaruhusiwa kuchagua kozi nne tu za fani hiyo. Hawahesabu saa kama Wamarekani. Wanataka ueleze ulichokiona na kilikufundisha nini, na kuhudumia wazee au wagonjwa nako kunathaminiwa. Siku chache zilizoandikwa vizuri zinakufaa kuliko miezi miwili isiyo na daftari. Angalia mitihani ya ziada ya kila chuo sasa hivi, usingoje matokeo.

---

MtotoWaKengeja

Suala la mwisho, niwaache mpumzike. Daktari hana barua pepe ya kazi, anatumia ya kawaida ya simu. Itakubalika?

---

Limbani_B

Inakubalika, lakini itie nguvu. Siku ya mwisho omba barua yenye kichwa cha hospitali na muhuri, itaje tarehe, jumla ya saa, na sentensi kwamba uliangalia tu. Isainiwe na yeye pamoja na daktari dhamana. Piga nakala, ya asili usiipe mtu. Kwenye fomu andika barua pepe yake na simu kuanzia +255.

Ukitaka akuandikie na barua ya kukupendekeza, ujue fomu inapokea nne tu, na hazipiti mkononi mwako. Mfumo unamtumia yeye kiungo kwa barua pepe, kwa Kiingereza, kutoka anwani asiyoijua, na mara nyingi inaangukia kwenye takataka. Mpigie siku hiyo hiyo unayoituma, umwambie aitafute huko. Majira ya joto ya Marekani, New York iko nyuma yetu kwa saa 7, kwa hiyo ukimpigia huko saa 10 jioni, kwake ni saa 5 usiku. Piga asubuhi yako.